Mume Wangu Alirudi na Karatasi

Mume wangu alibisha mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Nilikuwa uani nachuja mawese. Nikasema "karibu" bila kugeuka, nikidhani ni jirani amekuja kuomba chumvi. Mlango ukagongwa tena. Watu wa mtaa wetu hupiga hodi kwa mdomo. Huyu alikuwa anagonga ubao kwa kitu kigumu.

Nikageuka. Modeste alikuwa amesimama pale na kombati, na kitu kilichogonga ubao kilikuwa kitako cha bunduki.

Kwa mliokosa gazeti wiki zilizopita, nitawarudisha nyuma kidogo. Mimi ni Mwavita, binti wa Lukeba, mvuvi Mbembe aliyetoka upande wa Baraka, Kongo, akavuka ziwa kuja Rumonge nikiwa bado nabebwa mgongoni. Modeste alinioa mwaka 1971. Miezi minne baada ya harusi akapanda lori la jeshi kwenda mafunzoni, akaniacha na mimba ambayo haikufika.

Nimewaeleza pia Jumamosi ile ya mwisho wa Aprili 1972, watu wenye mapanga walipoingia mjini wakitafuta nyumba za Watutsi na nyumba za askari. Yangu ilikuwa yote mawili. Aliyeniokoa ni jirani yangu, mwalimu Casimir, Muhutu. Alinificha siku tatu chini ya kitanda chake, na wale watu walipokuja akawaambia mke wa askari ameshakimbia.

Kisha jeshi likafika, nalo likawa na watu wake wa kuwatafuta. Walimu, makarani, Wahutu waliosoma. Waliitwa kwenye mikutano na hawakurudi nyumbani. Na sisi wenye asili ya ng'ambo tukaanza kutazamwa vibaya, kwa sababu ilisemwa kwamba wenye mapanga walipata msaada kutoka Kongo.

Hapo ndipo nilipofika. Sasa ni Alhamisi moja ya mwezi wa Mei, saa sita mchana, na Modeste yuko mlangoni.

"Amahoro," alisema.

"Amahoro," nikajibu, kama ninavyomjibu mpita njia.

Siku hiyo nilikuwa nimeiwaza miezi tisa. Nilijua kitenge nitakachovaa. Nilijua hata neno la kwanza nitakalosema. Badala yake mikono yangu ilikuwa myekundu kwa mawese hadi kwenye viwiko, na sikujua kama inafaa kumshika mtu mwenye nguo zile.

Akaingia. Akapita moja kwa moja chumbani, akainua shuka, akachungulia chini ya kitanda. Aliporudi alichukua kiti, akakigeuza kielekee mlango, akakaa.

"Nani analala humu?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na nani tena, Modeste?"

Akanitazama. Kisha akashusha bunduki begani, akailaza juu ya mapaja.

"Tumefundishwa kuuliza," alisema. "Usikasirike. Iko chakula?"

Kulikuwa na ugali wa muhogo na ndagala zilizokauka, za zamani, kwa maana hakuna aliyevua kwa wiki mbili. Nikanawa, nikampakulia. Kabla sijakaa alikuwa amemaliza.

"Utapaliwa."

"Kambini wanahesabu mpaka mia. Ikifika mia wanachukua sahani."

Alisema bila kucheka. Modeste niliyeolewa naye alikuwa mtu wa kucheka, hata msibani tulikuwa tunamfinya. Huyu aliyekaa mbele yangu alikuwa na shingo nyembamba na kovu jipya chini ya sikio, na kila mtu alipopita barabarani kidole chake kilisogea kidogo.

Akatazama tumbo langu. Nilijua swali linakuja.

"Mutoto iko wapi?"

"Ilitoka mwezi wa kumi. Nilikuandikia."

"Barua alikuwa anatusomea sajenti. Hiyo hakunisomea."

Akanyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa changu, akauacha hapo. Hakusema pole. Ule mkono tu. Nikamwona mume wangu ndani ya zile nguo kwa muda wa pumzi tatu au nne, na nikafikiri labda Mungu amenirudishia mtu wangu.

Akauondoa.

"Na muzee?"

"Baba iko tu."

"Anavua?"

"Atavua na nini? Askari walichukua mitumbwi yote. Na wake pia."

Huo ulikuwa uongo. Mtumbwi wa baba ulikuwa umefichwa kwenye matete ya kijito cha pili, njia ya kwenda Kigwena, na baba mwenyewe alikuwa analala kwenye michikichi ya huko kuulinda. Nilimdanganya mume wangu kabla hajanawa hata mikono. Nilikuwa nazungumza na Modeste, lakini macho yangu yalikuwa kwenye bunduki.

Ili kufuta ule uongo, nikamwambia jambo la kweli. Nikamweleza jinsi Casimir alivyonificha. Siku tatu, maji kwenye kikombe, mtoto wao amelazwa juu ya kitanda ili wasiinue godoro.

Modeste alisimama kunawa.

"Umemuambia nani hiyo?"

"Hakuna mutu."

"Usiiseme tena. Hata kwangu usiiseme."

"Modeste, mutu huyo ndiye sababu unanikuta."

"Nimesikia. Usiiseme."

Nikamwuliza konje yake ni ya siku ngapi. Konje ndilo neno letu la likizo ya askari.

"Mpaka saa kumi."

"Saa kumi ya kesho?"

"Ya leo."

Nikakaa chini. Yeye akaendelea kutazama mlango, na akanieleza bila kunigeukia.

Walikuwa wamepangwa uwanjani, kambini kwao, askari wapya mia mbili na kitu. Kaporali akapita mbele akauliza: nani anatoka Rumonge, nani anajua mitaa ya kule, nyumba kwa nyumba? Wenzake wawili wa Rumonge wakakaa kimya. Modeste akanyoosha mkono.

"Walijua kazi ni nini?" nikauliza.

"Walijua. Na mimi nilijua."

"Basi kwa nini?"

"Nilitaka kukuona. Hakukuwa na njia ingine."

Akafungua kifuko cha shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele yangu.

"Hawa wanaitwa mkutanoni leo saa tisa. Asiyefika, saa kumi mimi nitaonyesha mlango wake. Nisomee."

Modeste aliacha shule darasa la pili. Mimi masista walinifikisha la tano. Kabla hajaenda jeshini, karatasi zote za nyumba hii nilikuwa namsomea mimi, na alikuwa anapenda kusema mbele za watu kwamba ameoa karani.

Yalikuwa majina yaliyopigwa kwa mashine, moja chini ya jingine, na kila jina na kazi yake. Nikaanza. La kwanza karani wa posta. La pili muuguzi. La tatu, la nne. Nilikuwa nawajua karibu wote. Wengine walinifundishia wadogo zangu, wengine niliwauzia mawese. La nane. Kisha macho yangu yakaanguka juu ya la tisa, na ulimi ukapita ukaenda kwenye la kumi, kama mtu anayeruka dimbwi. Nikasoma hadi mwisho. Sauti haikutetemeka.

"Kumi na tatu," alisema Modeste.

"Nini?"

"Umenisomea watu kumi na tatu. Mistari iko kumi na nne."

Nikarudisha macho kwenye karatasi.

"Kusoma hawakunifundisha," alisema. "Kuhesabu walinifundisha. Namba tisa ni nani?"

"Unamujua."

"Ndiyo namujua. Kaporali alitusomea yote jana, mara mbili."

"Kama unajua, kwa nini unaniuliza?"

Akachukua taulo langu kwenye kamba, akavaa bunduki begani.

"Nanuka barabara. Naenda kuoga ziwani," alisema. "Nitachukua nusu saa. Labda na zaidi kidogo."

Akatoka. Karatasi akaiacha juu ya meza.

Nataka mnielewe jinsi nilivyoelewa mimi. Mtu ambaye hakuacha bunduki hata wakati wa kula anaacha karatasi wazi juu ya meza, anataja muda, anaondoka. Niliona ananipa nafasi. Niliona moyo wake haukufa. Nikapiga ishara ya msalaba, nikapita kwenye ua wa matete kuingia kwa Casimir.

Nilimkuta anapiga pasi. Pasi ya makaa, shati jeupe, kitambaa kimetandazwa juu ya meza. Pascasie mke wake alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage, na mimba ya miezi saba imemkalia mapajani. Binti yao wa miaka mitatu alikuwa amelala kando yake.

"Mwalimu, usiende mkutanoni," nikasema.

"Amahoro, dada Mwavita. Kaa kwanza."

"Sina muda wa kukaa. Jina lako liko kwenye karatasi. Nimeliona kwa macho yangu. Namba tisa."

Akainua pasi, akaitua pembeni.

"Limeandikwaje?"

"Kivipi?"

"Wameandika mwalimu, au jina tu?"

"Mwalimu."

"Basi ni orodha ya mkutano," alisema, na nikaona uso wake umelegea. "Mkutano wa serikali lazima uwe na orodha."

"Wale wa wiki jana walikuwa na orodha pia," Pascasie alisema kutoka chini.

"Wale walikuwa na mambo yao."

"Mambo gani, Casimir? Yule muuguzi wa wiki jana alikuwa na mambo gani?"

Casimir akamgeukia mke wake, kisha akanigeukia mimi. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya darasani, na hata alipokuwa anaogopa alizungumza kama anaandika ubaoni.

"Nikikimbia nitakuwa nimekubali kosa. Na kosa sina. Watu walikuja hapa na mapanga wakaniambia niende nao, nikakataa. Wakamutafuta huyu, nikamuficha. Nitawaeleza hiyo. Na muke huyu wa askari iko hapa, na bwana yake amerudi, nimemuona akipita. Atanishuhudia. Si kweli, dada?"

Huyo bwana alikuwa ameniambia kwamba neno hilo nisilitaje tena, hata kwake.

Pascasie alinitazama usoni, na naona yeye alisoma pale kila kitu. Akasukuma ungo wa maharage, akashika ukuta, akasimama.

"Mimi naenda," alisema.

"Wapi?" mume wake akauliza.

"Sijui. Mahali ambapo sitangoja."

Hapo ndipo nikasema. Hakuna aliyeniuliza, nilisema mwenyewe.

"Baba yangu bado iko na mtumbwi. Pita michikichi, kijito cha pili, njia ya Kigwena. Muambie Mwavita amekutuma. Atakuvusha mpaka ng'ambo."

Casimir aliwaza. Mwishowe akasema ni sawa, waende siku chache, mpaka mambo yatulie, yeye atawafuata baada ya mkutano. Akamwinua mtoto akiwa bado usingizini, akamfunga mgongoni kwa Pascasie, akakaza fundo la kitenge mara mbili, akapitisha kidole kuona kama halimbani mama. Hawakuagana kwa maneno mengi. Pascasie alipotoka mlango wa nyuma, Casimir alirudi kwenye meza. Shati lilikuwa limebaki mkono mmoja.

Niliporudi kwangu, Modeste alikuwa ameshafika. Nywele zilikuwa na maji, kwa hiyo kweli alioga. Karatasi ilikuwa imerudi kwenye kifuko.

"Amekwenda?" aliniuliza.

"Pascasie amekwenda. Na mutoto."

"Na Casimir?"

"Casimir anaenda mkutanoni. Anasema wewe utamushuhudia."

Uso wake ukabadilika. Nilifikiri ni kwa ajili ya neno hilo la ushahidi, lakini sivyo.

"Pascasie ametoka na njia gani? Ya milimani?"

"Kwa nini unataka kujua?"

"Mwavita, niambie ni ya milimani."

"Ni ya ziwani."

"Na mtumbwi wa nani?"

Nilikuwa nimemwambia mitumbwi yote ilichukuliwa. Hakuhitaji kusoma ili ajue.

"Wa muzee," alisema.

Akainama, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kwa sauti ndogo akanieleza yale ambayo angenieleza tangu saa sita kama angekuwa bado ni Modeste wa zamani.

Kaporali hakuwa na haja ya majina. Majina alikuwa nayo. Alichotaka ni njia. Kila siku watu wanne, watano wanapotea mjini wanaonekana ng'ambo, na wakubwa wanamuuliza wanapitia wapi. Akamwambia Modeste: muke wako ni Mukongo, anajua watu wa maji. Umuachie karatasi aione, utoke, umuache aende. Atakayekimbia, tutajua amekimbilia wapi.

"Nilijua utakwenda kwa Casimir," Modeste alisema. "Nilisema, acha akimbie. Nilidhani atashika njia ya milimani kama wenzake. Milima ni mikubwa, wasingemupata, na mimi ningekuwa nimetii. Uliniambia muzee hana mtumbwi."

"Uliniambia unakwenda kuoga."

Tukatazamana. Huko ndiko kukutana kwetu baada ya miezi tisa. Mimi nilimdanganya yeye, yeye akanidanganya mimi, na kati ya uongo wetu mwanamke mwenye mimba alikuwa anatembea kwenye michikichi na mtoto mgongoni.

Nje kukasikika viatu.

Modeste akanishika mkono kwa nguvu. "Nikisema sikupata kitu, watasaka matete yote. Wewe ndiye utaonyesha njia. Sikia vizuri. Kijito cha kwanza. Si cha pili, pale muzee anaficha kila mara. Tukikuta hakuna kitu, utasema labda wameshavuka."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilimpenda tena. Naandika hivyo kwa sababu nimeahidi kutoficha kitu katika hadithi hii: kwa lile neno moja, kijito cha kwanza, nilimpenda kama siku ya harusi.

Kaporali aliingia na kofia mkononi. Alikuwa kijana, mdogo kuliko mume wangu, mwenye meno mazuri na adabu nyingi.

"Amahoro, shemeji. Pole na kazi ya mawese." Akatazama sahani tupu. "Bwana yako amekula vizuri?"

"Amekula."

"Ni vizuri. Askari, umepata kitu?"

Modeste alisimama wima. "Kuna mtumbwi, kaporali. Muke wangu anajua mahali."

"Murakoze sana, shemeji," kaporali akanishukuru. "Tutembee kidogo."

Tulitoka watano: kaporali, Modeste, askari wawili waliokuwa wanangoja barabarani, na mimi mbele.

Ofisi ya komini, yaani ya tarafa, iko njiani. Wanaume walikuwa wameketi kwenye nyasi mbele yake, wanangoja mkutano ufunguliwe, wengine na madaftari. Casimir alikuwa katikati yao na shati lake jeupe. Akamwona Modeste. Akainua mkono kumsalimu, kisha akamwambia jambo mtu wa pembeni yake na kumwonyesha kwa kidole, kama mtu anayeonyesha rafiki yake mkubwa. Modeste akatazama mbele. Hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona mwalimu Casimir.

Baada ya nyumba za mwisho tukaingia kwenye michikichi. Kaporali aliniuliza habari za ndoa yetu, tumekaa muda gani, tuna watoto wangapi. Nilipomwambia hatuna, alisema bado sisi ni vijana. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni. Pascasie ametangulia kwa nusu saa na zaidi. Ana mimba, ana mtoto, anakwenda polepole. Lakini kijito cha pili kiko mbele sana, na sisi tutakata kulia kwenye kijito cha kwanza, tutapoteza muda kwenye matete, tutarudi. Atakuwa ameshapanda.

"Hapa," nikasema.

"Una hakika, shemeji?"

"Hapa ndipo walikuwa wanaficha."

Tukateremka kando ya maji. Matete yalikuwa marefu kuliko mimi. Nilikwenda polepole makusudi, nikajifanya nimechomwa na mwiba, nikasimama. Modeste nyuma yangu alikohoa, na nikajua ananiambia vizuri, endelea hivyo.

Kisha matete yakaisha, na ziwa likawa wazi mbele yetu, na mtumbwi wa baba ulikuwa pale.

Baadaye nilikuja kujua. Lori la kikosi kingine lilikuwa limesimama kwenye kijito cha pili tangu mchana, askari wanafua nguo zao. Baba akaogopa, akauvuta mtumbwi kando kando ya matete hadi kijito cha kwanza. Pascasie alipokuwa anapita juu, yeye ndiye aliyemwita. Kama ningewapeleka mahali pa kweli, pale nilipopajua mimi, wasingekuta kitu chochote. Nilidanganya, na uongo wangu ukawafikisha.

Pascasie alikuwa ameshakaa katikati ya mtumbwi, mtoto kwenye mapaja. Baba alikuwa ndani ya maji hadi magotini, ameshika ukingo, tayari kusukuma. Hatua kumi na tano hivi. Aliniona mimi kwanza. Akaanza kutabasamu, nadhani alifikiri nimekuja ili niende nao. Halafu akaona walio nyuma yangu.

Mtoto peke yake ndiye aliyesema kitu. Aliniita jina langu, mara moja, na Pascasie akamziba mdomo.

Kaporali hakupandisha sauti.

"Askari," alimwambia Modeste, "wewe ni mutu wa hapa. Muzee huyo unamujua?"

Nyumba yetu ilijengwa na baba na Modeste, wao wawili, kwa wiki tatu. Siku ya mahari, baba alikataa kitu cha mwisho walichomletea, akasema kijana huyu ana mikono ya kazi, inatosha. Modeste alikuwa anamwita baba tangu siku hiyo.

"Simujui, kaporali."

Baba alisikia. Sauti husafiri vizuri juu ya maji. Akainamisha macho, kama yeye ndiye aliyefanya aibu.

"Ni vizuri," kaporali akasema. "Kama humujui, haitakusumbua. Kazi ni yako."

Wale askari wawili wakasogea pembeni kumpa nafasi. Modeste akashusha bunduki begani. Mikono yake ilifanya vile ilivyofundishwa, moja, mbili, tatu, lakini ilifanya polepole, na kila baada ya kitendo kimoja ilisimama kidogo kama inangoja kuambiwa iache. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya sikio, pale kwenye kovu. Hakunitazama.

Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba nilisema ili nimwokoe baba. Padri nilimwambia hivyo, na akaniondolea dhambi kwa maneno hayo. Leo nayasema mbele yenu kama yalivyokuwa. Sikumfikiria baba. Sikumfikiria Pascasie wala mtoto. Nilisikia "simujui" ile, na kitu nilichokuwa nimekibeba miezi tisa kwa ajili ya mume wangu kikageuka hasira, na hasira ndiyo iliyofungua mdomo.

"Anamujua," nikasema.

Kaporali akanigeukia. "Unasema nini, shemeji?"

"Anamujua sana. Ni baba yangu. Ni mukwe wake. Na ni yeye aliyeniambia niwalete kwenye kijito hiki, niwadanganye."

Hakuna aliyesogea. Maji tu yalikuwa yanagonga ubavu wa mtumbwi.

Modeste akageuza kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu alipofika mchana ule alinitazama bila kutazama kitu kingine. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kuniuliza neno dogo la nyumbani, chumvi iko wapi, au kama taa imezimwa.

Kaporali akavaa kofia yake, akaiweka sawa. Kisha akamnyooshea mume wangu mkono, kiganja juu.

"Lete bunduki," alisema.